Uzi: Mwanamume huulizwa "utafika wapi?", mwanamke huulizwa "ukishindwa?"

#1 Karani wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Uzi huu ni mrefu. Aliye na haraka na auhifadhi ausome baada ya Isha.

Mimi ni katibu wa kamati ya mikopo katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tanga mjini. Jina la chama sitalitaja, kwa kuwa wenzangu hawajanipa ruhusa ya kuwasema hadharani. Kazi yangu ni kuandika muhtasari wa vikao, na nina mazoea ambayo mwenyekiti huyalalamikia kila mwaka kwa sababu yanamaliza madaftari: naandika maswali ya wajumbe neno kwa neno, badala ya kuandika tu kwamba mwombaji alihojiwa na kamati ikaridhika. Mazoea hayo ndiyo yaliyonitia aibu ninayotaka kuisimulia.

Yalianza niliposoma utafiti wa Uswidi wa Malmström, Johansson na Wincent. Watafiti hao waliruhusiwa kukaa ndani ya vikao vya maofisa wanaogawa mitaji ya serikali kwa kampuni changa, wakasikiliza yanayosemwa mwombaji akiwa hayupo. Maombi yalikuwa 125, ya wanaume 99 na ya wanawake 26. Wanawake walipata kwa wastani asilimia 25 ya fedha walizoomba, ilhali wanaume walipata asilimia 52. Na walionyimwa kabisa walikuwa asilimia 53 ya wanawake na asilimia 38 ya wanaume. Tarakimu hizo zilinisikitisha, lakini kilichonikamata hasa ni maneno. Mwanamume wa umri mdogo alisemwa kuwa ni kijana anayetia matumaini, na mwanamke wa umri huohuo akasemwa kuwa ni kijana lakini hana uzoefu. Mwanamume mwangalifu alihesabiwa kuwa na busara. Mwanamke mwangalifu akahesabiwa kuwa mwoga asiyethubutu. Sifa ni moja, hukumu ni mbili.

Nikajiambia kwamba hayo ni ya Wazungu, kisha nikafungua daftari langu.

Jioni moja tulikuwa na waombaji wawili waliofuatana. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye bajaji moja, anayetaka kununua ya pili. Wa pili alikuwa mama anayenunua samaki kwenye mnada wa Deep Sea na kuwauza Mgandini, anayetaka kununua mashua iliyotumika pamoja na injini yake ili aache kutegemea vyombo vya watu. Wote wawili walikuwa wanachama wa muda mrefu, wenye akiba inayokaribiana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchelewesha marejesho.

Kijana aliulizwa: ukipata ya pili, ya tatu unaitarajia lini? Umefikiria kuipeleka njia ya Pongwe? Utaajiri dereva au utampa ndugu yako? Mama aliulizwa: bahari ikichafuka mwezi mzima, utalipa na nini? Nahodha akiuza samaki njiani, utajuaje? Chombo kikizama? Na kabla ya yote hayo, swali la kwanza kabisa: mumeo anajua?

Hakuna aliyemuuliza kijana kwamba bajaji ikigongwa itakuwaje, ingawa sote tuliokuwa mezani tumeshuhudia bajaji nyingi zilizogongwa kuliko mashua zilizozama. Wala hakuna aliyemuuliza mama kwamba akiwa na chombo chake atapata kilo ngapi zaidi kwa wiki, jambo ambalo, kama tungelifikiria, ndilo lenye kumwezesha kulipa.

Wote wawili walipewa mkopo. Naomba hilo lisisahaulike, kwa sababu ukihesabu waliokubaliwa na waliokataliwa katika daftari langu hutaona tatizo lolote. Tofauti ni kwamba mama aliambiwa aongeze mdhamini mmoja, na akaondoka baada ya nusu saa ya kujitetea, wakati kijana aliondoka akiwa na ndoto kubwa zaidi ya ile aliyokuja nayo.

Jambo hili lina watafiti wake. Dana Kanze na wenzake walichambua mashindano ya kampuni changa ya TechCrunch Disrupt ya New York kati ya mwaka 2010 na 2016, kampuni 189 kwa jumla, wakayapanga maswali ya wawekezaji katika mafungu mawili: yanayouliza juu ya kupanda na yanayouliza juu ya kutoanguka. Asilimia 67 ya maswali waliyoulizwa wanaume yalikuwa ya kupanda. Asilimia 66 ya waliyoulizwa wanawake yalikuwa ya kutoanguka. Ubaya wa swali la kutoanguka ni kwamba hukokota jibu la namna yake. Anayeulizwa atalindaje wateja wake hujibu kwa habari za ulinzi, na anayesikiliza hubaki na picha ya mtu anayejilinda. Waliofaulu kuligeuza, wakaulizwa habari za kuanguka wakajibu kwa habari za kupanda, walichangisha kwa wastani dola milioni 7.9, na waliojibu kama walivyoulizwa wakachangisha dola 563,000.

Katika utafiti huo wawekezaji wanawake waliuliza sawasawa na wanaume. Sikushangaa. Swali la chombo kuzama liliulizwa na makamu mwenyekiti wetu, ambaye ni mama mwenye biashara yake. Na lile la "mumeo anajua?" katika daftari limeandikwa kwa mwandiko wangu, na pembeni yake, kama desturi yangu, jina la aliyeuliza. Ni jina langu.

Kwa hiyo siulizi kama upendeleo upo au haupo. Nauliza jambo dogo kuliko hilo: ulipokwenda kuomba mtaji, popote pale, swali la kwanza ulilokutana nalo lilikuwa lipi?

#2 Mzee wa Chumbageni

Ndugu Karani, nimekusoma hadi mwisho na nakupongeza kwa kujitaja. Hata hivyo naona umeruka hatua.

Mwenye kukopesha fedha za watu ana haki ya kuogopa. Biashara nyingi za akina mama ni ndogo, faida yake huliwa nyumbani kabla haijazaa, na mwenye biashara huweza kuisimamisha miezi mitatu kwa sababu ya uzazi au ya kuuguza. Sisemi kwa dharau. Mama yangu alinisomesha kwa vitumbua. Wanauchumi Berge, Bjorvatn na Tungodden walifanya majaribio Dar es Salaam kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo, wengine wakapewa mafunzo ya biashara na wengine fedha. Mafunzo yaliwasaidia wanaume, na kwa wanawake athari yake ikawa hafifu. Kama hata mafunzo hayakuleta mabadiliko makubwa, mjumbe wa kamati anayeuliza "ukishindwa?" anakosea wapi? Tahadhari isigeuzwe kuwa dhambi.

#3 Muuza Ng'onda

Shikamoo Mzee wa Chumbageni. Ndugu Karani, hujambo.

Nakujibu uliloliuliza. Mimi ni wa Sahare, nauza ng'onda na papa mkavu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilipokwenda kuomba mkopo wa friza mbili, mahali ambapo sitapataja, swali la kwanza halikuelekezwa kwangu. Nilikuwa nimefuatana na mpwa wangu, mvulana wa miaka ishirini na mbili aliyenisindikiza kubeba makaratasi. Afisa alimtazama yeye akamuuliza, "Biashara yenu ina muda gani?" Mpwa wangu akanigeukia. Nikajibu. Afisa akaandika, kisha akamuuliza tena yeye swali la pili.

Nilikasirika, lakini nilijifunza. Nilipotaka injini ya chombo, nilimtuma mpwa peke yake dukani na maneno niliyomfundisha usiku, moja baada ya jingine, hata namna ya kunyamaza bei ikitajwa. Akarudi na bei nzuri kuliko niliyotajiwa mimi wiki iliyotangulia, na muda wa kulipa juu yake. Maneno yalikuwa yangu, sauti ndiyo haikuwa yangu.

Na kuhusu faida kuliwa nyumbani, Mzee wangu, ni kweli huliwa. Ya mwanamume nayo huliwa. Tofauti ni kwamba yake haituletei watoto waliokwisha vaa sare za shule.

#4 Karani wa Ngamiani

Shangazi, kisa chako kimenikumbusha jaribio la Marekani ambalo ni kama walikuwa wamejificha nyuma ya kapu lako. Alison Wood Brooks na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwasikilizisha watu maelezo ya biashara yenye maneno yaleyale, yakisomwa kwa sauti ya kiume au kwa sauti ya kike. Asilimia 68 walichagua kuipa fedha biashara iliyosemwa na sauti ya kiume. Hapakuwa na uzazi wala kuuguza ndani yake. Palikuwa na sauti tu.

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na ninaijibu kwa heshima. Ukilinganisha biashara ya mama mmoja na ya baba mmoja, daima utapata tofauti ya kukutetea. Ndiyo maana watafiti wazuri hushika faili moja wakabadilisha jina tu. Brock na De Haas walifanya hivyo na maofisa mikopo 334 nchini Uturuki, kwa kutumia maombi halisi ya mkopo. Waliokubaliwa hawakutofautiana: jina la kike au la kiume, kiwango kilikuwa kilekile. Lakini faili lilelile likiwa na jina la mwanamke, uwezekano wa kudaiwa mdhamini uliongezeka kwa asilimia 26. Niliposoma hapo niliiweka simu chini nikatoka nje kidogo, kwa maana lile lilikuwa daftari langu.

Tena waliona kwamba jambo hilo lilizidi kwa maofisa vijana wasio na uzoefu, na kwa wanawake wanaoingia katika biashara zinazohesabiwa kuwa za wanaume. Yule mama angeomba fedha za kununua unga na mafuta ya kukaangia samaki, nadhani tungempa kwa dakika tano. Aliomba chombo cha baharini.

Hili nalo linarudi kwenye faida ndogo uliyoitaja. Morgan Hardy na Gisella Kagy waliwachunguza mafundi cherehani wa mji mmoja nchini Ghana, wakaona kwamba sehemu kubwa ya kisa cha wanawake kupata faida ndogo ni kwamba mafundi wanawake ni wengi mno kwa wateja waliopo. Wamejazana mahali pamoja. Ukimpa mama fedha za maandazi kwa dakika tano na kumtesa nusu saa kwa fedha za mashua, utakuwa na mtaa mzima wa maandazi, kisha utasema biashara za akina mama ni ndogo.

#5 Afisa wa Zamani

Nilikuwa upande wa pili wa meza kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo naomba kunyoosha jambo la "mumeo anajua?", maana lina mguu katika sheria na watu hulichanganya.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, inadai ridhaa hiyo ili rehani iwe halali. Sheria haisemi "mume". Inasema mwanandoa. Mwanamume anayeweka nyumba rehani anatakiwa kuleta ridhaa ya mkewe vilevile, na wakopeshaji wamewahi kushindwa mahakamani kwa kuipuuza.

Sasa utaratibu wetu ulikuwaje? Kwa mwanamume, ridhaa ya mke ilikuwa karatasi ya mwisho. Mkopo umeshajadiliwa, umeshapendwa, ndipo karani anasema, "Mzee, kesho mama apite asaini." Kwa mwanamke, ilikuwa mlango wa kuingilia, na iliulizwa hata pale ambapo hakuna nyumba wala kiwanja kilichowekwa rehani, kama katika kisa cha ndugu Karani, ambapo dhamana ilikuwa akiba yake mwenyewe na wadhamini. Hapo sheria haimo. Tulikuwa tunauliza kwa mazoea tu.

Niongeze la pili. Sheria za ardhi za 1999 zinatambua haki ya mwanamke ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini ukifungua kabati la hati utakuta majina ya waume, ya kaka na ya marehemu baba. Na tangu halmashauri zilipotakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, maofisa wenzangu walipata namna ya upole ya kumwondoa mama ofisini: "Nenda halmashauri, kuna mikopo yenu." Fungu hilo ni jema. Lakini ni la vikundi vidogo, na mwenye kutaka mashua na injini akielekezwa huko amekataliwa bila kuandikwa kuwa amekataliwa.

#6 Mwalimu Asiye na Chaki

Nimesubiri mtu alitaje neno lenyewe, naona wote mmelipita.

Mwaka 2009 Vishal Gupta na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani, India na Uturuki, wakiuliza sifa za mjasiriamali zinafanana na za nani. Wanaume na wanawake walisema zinafanana na za mwanamume. Ni wanawake peke yao walioona kuwa zinafanana pia na za mwanamke.

Tuulizane: swali hilo likiulizwa kwa Kiswahili hapa Tanga, litajibiwaje? Neno "mjasiriamali" limeundwa kwa ujasiri na mali, na kwa maana yake lingemfaa nahodha wa jahazi. Lakini likitamkwa leo barabara ya kumi na mbili, picha inayokuja ni ya mama mwenye meza ya maonyesho, sabuni ya maji, batiki na chupa za achari. Mwenye duka la jumla na malori mawili haitwi mjasiriamali. Huitwa mfanyabiashara, na akizidi huitwa tajiri. Kwa hiyo mtafiti atakayekuja na dodoso lililotafsiriwa atashangilia kwamba Watanga wanamwona mjasiriamali kuwa mwanamke, wala hatajua kwamba upendeleo umehama nyumba tu, sasa unakaa katika neno la jirani.

Vivyo hivyo mama lishe. Awe analisha vibarua wa bandarini mia kila mchana, awe ameajiri wasichana wanane, bado ni mama lishe. Kijana mwenye karai moja la chipsi ameshakuwa "bosi" kwa wateja wake.

#7 Hesabu Hazisemi Uongo

Kwa ajili ya uadilifu, naomba na upande wa pili usikike. Will Gornall na Ilya Strebulaev walituma barua pepe takriban 80,000 za kutangaza kampuni changa za kubuni kwa wawekezaji wapatao 28,000, wakibadilisha majina tu. Barua zenye majina ya kike zilipata majibu ya kuvutiwa kwa kiwango kilichozidi cha majina ya kiume kwa asilimia 9. Si kila mahali mwanamke anaanza nyuma.

Ila ninakubali kwamba kujibu barua pepe hakumgharimu mtu fedha, na kwamba kati ya "karibu tuzungumze" na hundi kuna chumba cha maswali, ambacho ndicho mada ya uzi huu.

#8 Mzee wa Chumbageni

Marahaba, mwanangu Muuza Ng'onda. La faili moja na majina mawili nimelikubali; lile la maofisa vijana nililipenda hata zaidi. Lakini ndugu Karani, kulaumu ni kazi nyepesi. Jumamosi mna kikao. Mtafanya nini?

#9 Karani wa Ngamiani

Mzee wangu, nimepata jambo moja, na lugha yetu yenyewe imenisaidia. Kiswahili hakimtaji mtu kwa ujike wala ujiume: "ameomba", "anataka", "alirejesha kwa wakati". Nikifunika mstari wa jina, fomu nzima inasomeka bila kumjua aliyeiandika, kitu ambacho wenye lugha nyingine wanalazimika kuandika upya ukurasa mzima ili wakipate. Nimemweleza mwenyekiti. Amekubali kwa shingo upande, akaongeza kwamba kamati yetu ni ya watu wanaojuana, kwa hiyo mwandiko utamfichua mtu, na biashara yenyewe itamfichua: akiona "mapishi" atajua ni mama, akiona "gereji" atajua ni baba. Sikuwa na jibu, isipokuwa kwamba akiona "mashua" atakosea.

Jambo la pili, nimeandika maswali sita yatakayoulizwa kwa kila mwombaji kwa mpangilio uleule, matatu ya kupanda na matatu ya kuanguka. La kwanza ni: chombo au mtaji huu ukifanya kazi kama unavyotarajia, baada ya mwaka mmoja utakuwa umefika wapi?

#10 Muuza Ng'onda

Ndugu Karani, kufunika jina kutasaidia pale fomu inaposomwa, lakini mwombaji huitwa ndani baadaye, na mimi huingia na buibui langu. Hayo maswali sita ndiyo nayaamini zaidi. Yapigwe chapa, yabandikwe ukutani, na atakayeuliza la saba aandikwe jina kama ulivyojiandika mwenyewe.

Na lile la "mumeo anajua?" usilifute. Libakize liwe la mwisho, kisha mwenye bajaji naye aulizwe kama mkewe anajua. Halafu, kabla hajasaini, mumpigie mkewe simu.